Nani Amechagua Mchele Huu?

Ramat Gan, Desemba 17, 1968

Mwanangu Nazima,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu Fishel, na mama yake Bi Gitel, na yeyote mwingine anayelala chini ya dari lenu hilo linalovuja. Mimi sijambo. Goti linauma, lakini goti hili limeniuma tangu tupande ndege kutoka Baghdad, kwa hiyo hiyo si habari. Anayeniandikia ni Evlin, yule mjane wa mlango wa pili, unamjua. Nimeungua kidole kwa mafuta nikikaanga maandazi ya sikukuu ya taa, ndiyo maana nimemwajiri, na mshahara wake ni hayo maandazi. Anasema mshahara ni mdogo. Nimemwambia asiandike hilo, naye kaandika.

Huko Safed baridi imeanza? Unavaa soksi? Ipo habari yoyote? Unajua ni habari gani ninayoulizia. Kama haipo, haipo, usinune.

Sasa jambo lenyewe. Umeolewa kiangazi kilichopita, na hii itakuwa Pasaka yako ya kwanza ukiwa mke wa mtu. Nataka mje muile kwangu, wewe na mumeo. Najua utakachosema: kwamba watu wa kwao hawatii wali kinywani siku zote za Pasaka, kwamba mababu zao huko Ulaya waliukataza kwa kuogopa punje ya ngano isijifiche ndani yake ikaumuka, nayo chachu ni haramu Pasaka, na kwamba mke hufuata nyumba ya mumewe. Yote nayajua. Kwa hiyo nimeamua. Mwaka huu sipiki wali. Tutakula viazi kama wao, na mumeo atakaa mezani kwangu bila kuchungulia sahani ya mtu.

Tena usibishane nami. Nimeshasema.

Ni mimi mama yako mkubwa niliyekulea,
Tufaha


Safed, Januari 5, 1969

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika siku ya theluji, mpeleka barua kaja nayo kaificha kifuani kama kifaranga. Sote wazima. Mkweo anakusalimu sana. Anamalizia kuandika kwa mkono gombo la Torati la sinagogi moja huko Akko, mgongo umempinda, na jioni ananisomea kama vile mimi ndiye niliyeliagiza. Mama mkwe anakusalimu naye. Anauliza kama kweli huko kwenu mnakula viazi bila kumenya. Nimemwambia ndiyo, na ganda la yai pia. Hiyo habari unayoulizia haipo. Sijanuna. Nimenuna kidogo.

Lakini Mama Mkubwa, wewe! Wewe uache wali wa Pasaka? Nilipofika mstari ule nilirudi nyuma kuusoma upya, nikadhani Evlin amekosea kusikia. Wali wako wenye lozi na zabibu, ule ambao mjomba alikuwa akisema Waisraeli wangeuonja Misri wasingetoka? Mimi nimekubali kuuacha kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba niliyoingia. Rabi alinieleza kabla ya harusi nikaitikia, ingawa moyo uliniuma. Lakini aliyeolewa na Fishel ni mimi, siyo wewe!

Nimemsomea Fishel barua yako. Kaweka kalamu chini akasema, “Nani kamwambia wali wake unaninyima usingizi? Mwambie mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Yeye ale wake, mimi nile kiazi changu, wote tumtukuze Mungu.” Basi pika, tafadhali. Mimi nitaketi karibu ninuse tu. Harufu haikukatazwa na mtu.

Mimi huku sina neno. Baridi tu. Kidole chako kinaendeleaje?

Mwanao,
Nazima


Ramat Gan, Februari 9, 1969

Nazima mwanangu,

Usinilaumu kwa kukawia. Evlin alikwenda kwa mwanawe Haifa akanogewa huko, mimi nikabaki na barua yako kwenye mfuko wa aproni. Kidole? Kidole gani? Aa, kile kimepona zamani. Sasa ni kifundo cha mkono, kalamu haikai. Uzee huo, unahamahama.

Waambie hao wa viazi tunawamenyea, tena kwa heshima.

Kuhusu wali, nimekwisha kusema, na maneno mazuri ya mumeo hayatanigeuza. Isitoshe, mchele wa siku hizi ni takataka. Wanauleta katika magunia yaliyobeba ngano juzi na shayiri jana. Baghdad tulikuwa tunamjua muuzaji, tunaujua na mto uliomwagilia shamba. Hapa unajua nini? Sitaki kupoteza mwezi mzima nimeinamia sinia kwa ajili ya mlo mmoja. Kwani nani kasema mtu wa Baghdad asipokula wali Pasaka atageuka jiwe? Nimechoka tu, mwanangu. Mtu ana haki ya kuchoka.

Nakutumia soksi mbili za sufi, nimemfumia mumeo. Miguu yake niliipima kwa macho siku ya harusi, kwa hiyo zikimbana aseme.

Evlin anakusalimu. Kanenepa huko Haifa.

Mama yako,
Tufaha


Safed, Februari 26, 1969

Mama Mkubwa, shikamoo tena na tena.

Soksi tumezipokea. Fishel kazivaa palepale, na hazivui. Moja inamfika kwenye kifundo, ya pili inapita goti. Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini, ni mara ya kwanza kumwona akicheka tangu niingie nyumba hii, kwa hiyo Mungu akulipe. Mimi nami nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikawaza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufuma. Ukiona kitanzi kimoja kimeruka, unafumua mpaka mwanzo, hata kama mtu anasubiri kuvaa. Hizi soksi zimejaa matundu. Nikamwonyesha Fishel, akazisogeza kwenye taa akazitazama, kisha akasema, “Mikono hii inajua kazi yake. Macho ndiyo yaliyochoka. Nimewahi kuona magombo ya waandishi wazee, safu ya mwisho huwa hivi.”

Nakuuliza kama mwana anavyomuuliza mzazi wake. Unaona, Mama Mkubwa? Mara kidole, mara kifundo cha mkono, na sijapata mstari wa mkono wako hata mmoja tangu harusi. Na mtu wa kuchoka na mchele siyo wewe. Baghdad mtaa mzima walikuwa wanakuletea masinia yao. Nakumbuka shuka jeupe juu ya meza, wewe umeketi dirishani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na ole wake mtoto atakayekatiza hapo na kipande cha mkate mkononi. Ulinikimbiza na kandambili mpaka kwenye paa! Na usiku wa sikukuu, wageni wakipelekewa sahani, wengine walikuwa wanauliza kwanza, “Nani amechagua mchele huu?” Wakiambiwa Tufaha, wanakula bila neno.

Niambie kweli. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Mwanao anayekupenda,
Nazima


Ramat Gan, Machi 11, 1969

Nazima,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe bila Evlin ili uone kwamba naona. Umeona? Haya. Mimi sijambo na macho yangu hayajambo. Purimu tumesherehekea vizuri. Soksi zilikuwa za mzaha. Watu hawajui mzaha siku hizi. Na huyo mumeo . . . . . . . . . na siyo daktari wa macho. Kama mnataka kuja Pasaka mje kama watoto wanavyokuja kwa mama yao. Kama mnakuja kunikagua . . . . . . . . . mbakie huko huko na theluji yenu. Wali sipiki. Nimemaliza.

Tufaha


Safed, Machi 17, 1969

Mama yangu,

Usiitupe barua hii kabla Evlin hajaimaliza. Evlin, nakuomba, soma mpaka mwisho hata akikupigia kelele.

Barua yako niliisoma siku mbili. Mistari imepandana, wa tatu umelala juu ya wa pili, na wa mwisho umetoka nje ya karatasi, jina lako limeishia kwenye meza yako. Mahali pawili wino ulikwisha nawe ukaendelea kuandika, kalamu kavu, hukujua. Nililia, Mama Mkubwa. Nililia mpaka mama mkwe akadhani ile habari yako imekuja kisha ikaondoka.

Fishel akaichukua. Ni kazi yake hiyo, kusoma herufi zilizofutika. Akaiinamisha karatasi kwenye taa, akawa anafuata mikwaruzo ya kalamu, akatusomea kwa sauti ileile anayosomea Torati: “Na huyo mumeo mwenye ndevu za mbuzi aliyekonda kama ufagio, ashughulike na wino wake, na siyo daktari wa macho.” Akajipapasa ndevu. Mama mkwe akazitazama. Kisha Fishel akasema, “Ameniona vizuri sana siku ya harusi,” na tukacheka sote watatu mpaka machozi yakawa ya aina nyingine. Pale pa pili sitaandika ulichosema. Evlin ni mtu wa heshima.

Basi hujakasirikiwa. Ila nisikilize sasa.

Fishel amekwenda kwa Rabi kumuuliza. Desturi ya kwao inakataza kula wali Pasaka. Haikatazi kuugusa, wala kuuweka nyumbani, wala kumchagulia na kumpikia mwingine anayeruhusiwa kuula. Rabi kamuuliza, “Mbona unauliza, umetamani?” Kamjibu, “Hapana, nina mama mkwe.” Basi tunakuja Jumapili kabla ya sikukuu. Nunua mchele. Mimi nitachagua mara mbili, na mara ya tatu atachagua Fishel. Anasema kutwa nzima anatafuta ufa katika herufi, kwa sababu herufi moja ikipasuka gombo zima halifai, na punje ya ngano ni kubwa kuliko herufi ndogo kuliko zote. Tutakuja na sufuria yetu ya viazi, na sahani zetu, ili mama yake apate kulala. Wewe utakula wali wa mama yako, na hutaogopa.

Na nina jambo langu, ambalo sikukuandikia kwa sababu sikutaka ulale nalo. Nilikwambia huku ni baridi tu. Siyo baridi. Wiki hizi tunasafisha nyumba kwa Pasaka, na kila ninachosugua, Bi Gitel anasugua tena. Si mtu mbaya. Hasemi neno. Nikitoka tu nasikia maji yanamwagika. Rafu nimefuta, kafuta. Makabati nimepangusa, kapangusa. Naanza kujiuliza kama nilishawahi kusafisha kitu maishani. Siku ile anacheka soksi zako nilitamani nimkumbatie, nikaogopa atanawa. Mama Mkubwa, unahitaji macho, nami nahitaji mtu anipe sinia mkononi aniachie. Hatuji kukukagua. Nakuja nyumbani.

Mtoto wa jicho siyo aibu. Aibu ni mama kukaa gizani ilhali ana mwana.

Mwanao,
Nazima


Ramat Gan, Aprili 15, 1969

Nazima mwanangu, na Fishel mwanangu,

Nawasalimu, na Bi Gitel nampa pole kwa kurudishiwa mwanawe akiwa amenenepa kwa viazi. Mwambie nimesikia kwamba mwishowe amekuachia rafu ya juu bila kuigusa. Ni mwanzo. Nami nyumba yangu imekuwa kubwa ghafla tangu mwondoke. Ninakaa naikagua kwa mkono kama mnunuzi.

Mlipokuwa hapa sikusema kitu. Mtu mzima akizoea kusifiwa, kushukuru kunamkwama kooni. Sasa mko mbali, nitasema, na Evlin ataandika kila neno hata lile asilolipenda.

Siku ile mlipochagua, mlidhani nasinzia kitini. Nilikuwa macho. Nikasikia ukichagua mara ya kwanza, unasukuma punje kwa kidole cha shahada kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyokufundisha. Nikasikia mara ya pili. Kisha mkwe wangu akakaa. Polepole yule! Nikasema moyoni tutakula wali huu Pasaka ya mwakani. Halafu akasimama, nikamsikia ananong'ona, “Nazima, tazama.” Nawe ukavuta pumzi. Akasema, “Usimwambie, ataukataa wote.” Kikaingia kitu mfukoni mwake, mlango ukafunguka, akaenda kukitupa nje. Jamani! Mtu asipoona mnadhani hasikii?

Ilikuwa ngano. Ilikupita wewe mara mbili, wewe mwenye macho ya kijana. Na unajua nilifanya nini pale kitini? Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwaka mzima nimejiona nimekufa nusu, kumbe hata anayeona inampita. Ndiyo maana mama yetu alisema mara tatu, na watu zaidi ya mmoja. Mimi kwa kiburi changu nilikuwa nakaa peke yangu na sinia, sitaki mkono wa mtu.

Kile ambacho hukunisikia nikisema ni hiki. Sikuacha wali kwa ajili ya mumeo, wala kwa ajili ya magunia. Pasaka ya mwaka jana nilichagua, nikapika, nikampakulia Evlin kama kila mwaka, nawe ukiwa jikoni. Akasema, “Asante, dada, nimeshiba.” Nazima, usiku wa Pasaka hakuna mtu aliyeshiba kabla ya wali. Alikuwa amenitazama nikipapasa sinia, na hakutaka kula chachu siku takatifu, na hakutaka kuniumiza. Alikuwa na haki. Nami nikaelewa, nikatabasamu, nikaondoa sahani. Neno “nimeshiba” nililala nalo mwaka mzima. Andika, Evlin. Andika hivyohivyo, mbona umesimama?

Hospitali nimekwenda, Evlin kanishika mkono. Daktari ni kijana, ana harufu ya sabuni, anasema ataliondoa lile la jicho la kulia baada ya sikukuu ya majuma, kisha tutaona habari ya la pili. Hakuniahidi kitu. Nimependa hivyo. Likifunguka, nitamtazama mkwe wangu vizuri nimwombe radhi kwa zile ndevu, kama hazistahili. Lisipofunguka, sinia ni lako. Nitakaa mlangoni na kandambili, nizuie mkate.

Usiku wenyewe mliuona. Mkwe wangu na kile kifurushi cha mikate isiyo na chachu begani, tunamuuliza kama desturi yetu, “Unatoka wapi?” badala ya kujibu Misri akajibu “Safed, kwa basi.” Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Lakini kuna kitu hukukiona, kwa sababu ulikuwa umekwenda kuleta viazi vyenu. Nilipakua wali. Nikamwelekezea Evlin kijiko nikangoja aseme ameshiba. Hakusema. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama walivyokuwa wakiuliza kule nyumbani, “Nani amechagua mchele huu?” Nikamjibu, “Mwanangu.”

Akasukuma sahani yake mpaka ikagonga mkono wangu. Alikula, akaomba tena, akala. Sasa hivi ameacha kuandika analia, na karatasi inalowa, basi naishia hapa.

Mama yenu,
Tufaha